Safari ya jetiski yenye mwongozaji iwe na mwongozaji kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie safari za jetiski, yaani pikipiki za majini, ambazo wageni wa hoteli za ufukweni huzifanya wakiwa nyuma ya mwongozaji. Nimeifanya kazi ya kuongoza safari hizi kwa muda wa kutosha kuipenda na kuihofia pia. Hoja yangu ni moja: safari inayouzwa kwa jina la safari yenye mwongozaji haistahili jina hilo endapo mwongozaji hapewi muda wa kufundisha, anakabidhiwa wageni wengi kuliko awezavyo kuwatazama, na hana mamlaka ya kumkatalia mtu aliyekwishalipa.

Nianze kwa kuitendea haki safari yenyewe, kwa sababu wapo wanaotaka jetiski zipigwe marufuku kabisa kwenye fukwe za mapumziko, nami siwaungi mkono. Mtu aliyezoea kuitazama bahari kutoka mchangani huiona sura nyingine kabisa akiwa juu ya maji, akiitazama nchi kavu kutoka upande ambao hajawahi kusimama. Mwongozaji mzuri humwonyesha rangi ya maji inavyobadilika mahali mwamba unapoanza, humfundisha kusimama kidogo kwa miguu na kukunja magoti ili wimbi lipite bila kumuumiza mgongo, kisha humpeleka mahali penye utulivu, injini zikazimwa, na kwa dakika chache pakasikika maji tu yakigonga ubavu wa chombo. Nimewaona watu wazima waliokuwa wakiiogopa bahari maisha yao yote wakirudi kutoka safari kama hiyo wakiwa na furaha isiyofichika. Furaha hiyo ni halali, na ninaandika kwa sababu nataka iendelee kuwepo.

Jetiski ilianza kama chombo cha mtu mmoja mwenye ustadi. Mmarekani Clayton Jacobson II, aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki, ndiye aliyeibuni katika miaka ya 1960, na zile za kwanza kuuzwa na kampuni ya Kawasaki mwanzoni mwa miaka ya 1970 ziliendeshwa kwa kusimama, hivi kwamba asiyejua alianguka kabla hajafika mbali. Zile za kukaa, zenye nafasi ya abiria, zilipoenea kuanzia miaka ya 1980, ugumu wa kupanda ukaondoka, na pamoja nao likaondoka zuio la asili lililokuwa likimlinda asiyejua dhidi ya mwendo mkubwa. Leo chombo chenye uzito wa kati ya kilo 200 na 400, ambacho katika aina zenye nguvu zaidi huzidi nguvu ya farasi 300, hukabidhiwa mtu ambaye asubuhi hiyo hiyo hakuwa amewahi kugusa chombo chochote cha majini.

Na chombo hiki kina tabia moja ambayo hakuna anayeweza kuikisia bila kuambiwa. Jetiski haina usukani wa majini kama wa mashua, wala rafadha, yaani panga la kusukumia maji, inayoning'inia nje. Injini huzungusha pampu iliyo ndani, pampu huvuta maji kutoka chini ya chombo na kuyarusha nyuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba, na mshikio anaoushika mwendeshaji huugeuza mdomo huo kushoto au kulia. Kwa hiyo kinachokigeuza chombo ni maji yanayorushwa. Mwendeshaji akiachia resi, yaani kile kishikio kidogo cha kuongezea mwendo, maji hayarushwi tena kwa nguvu, na chombo huendelea mbele kwa kasi kiliyokuwa nayo huku mshikio ukizungushwa bure. Sasa fikiria mtu anayeona mbele yake kichwa cha muogeleaji au chombo kilichosimama. Mwili wake utafanya kile ambacho mwili wa binadamu hufanya unapoogopa: ataachia resi na kukata kona. Amefanya mambo mawili ambayo kwa pamoja yanamhakikishia kwamba hatakata kona.

Hilo ndilo jambo la kwanza, la pili na la tatu ambalo kila mgeni anapaswa kulijua, na ndilo linalorukwa mara nyingi zaidi. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, katika utafiti wake wa mwaka 1998 kuhusu vyombo hivi, ilieleza kwamba jetiski ndiyo aina pekee ya chombo cha burudani cha majini ambayo kinachoongoza kwa kuua si kuzama bali ni majeraha ya kugongwa au kujigonga. Jaketi la kuokolea maisha, ambalo sote tunalisisitiza na lazima tuendelee kulisisitiza, humsaidia mtu aelee, halimzuii kugonga. Ni kweli kwamba zimeuzwa jetiski zenye mifumo ya kusaidia kukata kona resi inapoachiwa, na tangu mwaka 2009 zenye breki pia, lakini si kila jetiski ya kukodi inayo mifumo hiyo, na hata ile iliyonayo haimfai mtu ambaye hajafundishwa kuitumia kabla ya hofu kumshika.

Hapa ndipo safari ya msafara inapokuwa na hatari yake ya pekee, ambayo mtu anayeendesha peke yake hana. Wageni hufuatana kwa mstari, kila mmoja akimtazama aliye mbele yake. Chombo kinachokwenda kilomita 54 kwa saa hupita mita 15 kila sekunde. Anayefuata kwa umbali wa mita 30 ana sekunde mbili tu za kuona, kuelewa na kutenda. Aliye mbele akipunguza mwendo ghafla kwa sababu amemwona kasa, au amepigwa na maji usoni, au anataka kumpungia mkono mwenzake, aliye nyuma anayo nafasi ya kosa moja tu, nalo ni lile nililolieleza. Migongano ya namna hii huwakutanisha ndugu, wachumba na marafiki, kwa kuwa ndio wanaosafiri pamoja na ndio wanaopenda kukaribiana ili wapigane picha. Mwongozaji aliye mbele ya msafara mrefu hawezi kuiona hatari ikikua nyuma yake. Ndiyo maana nasema kwamba msafara ukizidi vyombo vichache, lazima awepo mwongozaji wa pili anayefunga mkia, tena mwenye redio ya mawasiliano, na pasipo huyo wa pili wageni wagawanywe katika safari mbili hata kama jua linakaribia kuzama na biashara ya siku inakaribia kwisha.

Mafunzo kabla ya kuondoka yafanyike majini, si mezani. Kumwonyesha mgeni video fupi kwenye simu na kumpa karatasi ya kusaini si kumfundisha. Karatasi ile humlinda mwenye biashara, na maji hayaisomi. Ninachokipigania ni eneo dogo lenye maboya, mbali na waogeleaji, ambamo kila mgeni anakwenda polepole, anakata kona akiwa na resi, kisha anaambiwa aachie resi na ajaribu kukata kona ili aone kwa macho yake mwenyewe chombo kikimkatalia. Aliyeliona jambo hilo mara moja halisahau. Halafu aanguke majini kwa makusudi na apande tena kwa nyuma, injini ikiwa imezimwa, kwa sababu kupanda ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na ni afadhali ajue hapo penye maji matulivu kuliko kujulia penye mkondo. Kamba ya kuzimia injini ifungwe kwenye kifundo cha mkono au kwenye jaketi, si kuning'inizwa kwenye mshikio, maana kazi yake ni kuizima injini pale mwendeshaji anapotengana na chombo. Kama chombo kimepinduka, nyuma yake pana alama inayoonyesha upande wa kukigeuzia, kwa sababu kukigeuza kwa upande usio wake huweza kuingiza maji kwenye injini. Lakini hilo ni jukumu la mwongozaji, na mgeni aambiwe tu asubiri akielea.

Yupo pia abiria wa nyuma, ambaye katika maelezo ya ufukweni husahaulika kabisa. Nitaandika waziwazi kwa sababu aibu imekwishawaumiza watu. Abiria anayeanguka kinyumenyume mwendeshaji anapoondoka kwa kishindo hutua mahali hasa ambapo maji ya pampu yanatoka kwa msukumo mkubwa, na maji hayo yanaweza kupenya katika njia ya haja kubwa au ukeni na kusababisha majeraha makubwa ya ndani. Watengenezaji wenyewe huonya juu ya hatari hii katika maandishi yaliyobandikwa kwenye chombo, na hushauri kila anayepanda avae suruali ya nguo nene ya kuzamia, kwa kuwa nguo ya kawaida ya kuogelea haitoshi kumkinga. Ni fukwe ngapi zinampa mgeni suruali hiyo? Mimi nimefanya kazi mahali ambapo niliambiwa kwamba nguo hizo zinawachelewesha wageni na kuharibu picha. Namwomba mwenye biashara yeyote anayesoma barua hii azinunue, azioshe kila siku, na azikabidhi pamoja na jaketi bila kumwachia mgeni hiari. Na namwomba mwongozaji mwenzangu amwambie kila abiria amshike mwendeshaji kiunoni, na amwambie kila mwendeshaji aondoke taratibu.

Kuhusu mamlaka ya kukataa, tatizo ni la pesa na si vizuri kulizungukazunguka. Wengi wetu waongozaji hulipwa kwa idadi ya safari, na bahashishi hutoka kwa mgeni aliyefurahi, ambaye mara nyingi ni yule aliyeruhusiwa kwenda kasi. Kumwambia mtu kwamba ananuka pombe, au kwamba mtoto wake bado mdogo, au kwamba upepo unaovuma kutoka nchi kavu utamsukuma mbali iwapo injini itazimika, ni kujinyima mkate mwenyewe. Hoteli zinaweza kuliondoa tatizo hili kwa siku moja zikiamua: mwongozaji alipwe mshahara wa siku, na safari anayoifuta kwa sababu ya usalama ihesabiwe kuwa imefanyika. Sioni njia nyingine iliyo ya kweli.

Wapo watakaosema kwamba masharti yataua biashara. Nchini Ufaransa, mwendo ndani ya ukanda wa mita 300 kutoka ufukweni umewekewa kikomo cha noti 5 (noti ni kipimo cha mwendo wa vyombo vya baharini), yaani takriban kilomita 9 kwa saa, na mtu asiye na leseni huruhusiwa kuendesha jetiski akiwa chini ya usimamizi wa mwongozaji mwenye sifa zinazotambuliwa. Biashara ya safari hizi ingali hai huko, na nadhani iko hai kwa sababu hiyo. Nchini Uingereza, Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2005 kwamba jetiski haikuwa meli kwa maana ya sheria ya usafiri wa baharini, na pengo hilo likaachwa kwa miaka mingi hadi kanuni mpya zilipoanza kutumika Machi 2023 na kuwawezesha waendesha mashtaka kuwafikisha mahakamani wanaoendesha kwa uzembe. Mfano huo wa pili naukumbuka kila nikisikia mtu akisema kwamba sheria za bahari hazihusu vyombo vya kuchezea. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinamhusu anayeendesha jetiski: vyombo viwili vikikutana uso kwa uso kila kimoja hukata kulia, anayemwona mwenzake akikatisha kutoka kulia ndiye anayempisha, na anayepita mwenzake ndiye anayejitenga. Mgeni anaweza kufundishwa hayo kwa muda mfupi.

Sitawasahau viumbe wa baharini. Kasa hulazimika kuja juu kupumua, na malisho yake ya nyasi za baharini huwa kwenye maji ya kina kifupi, ambako jetiski haipaswi kupita kwa kasi hata kwa faida yake yenyewe, maana pampu huvuta mchanga, kokoto na majani na kuharibika. Pomboo wanapotokea, tusiwafukuze wala tusiwazunguke. Tupunguze mwendo, na wakitaka kutukaribia watakuja wenyewe.

Nina ombi moja kwa gazeti lako, Ndugu Mhariri. Ajali ya jetiski inapotokea, habari huandikwa kwa mistari michache ikimtaja aliyeumia na ufuko, kisha jambo likaishia hapo. Waombe waandishi wako waulize maswali manne na wachapishe majibu yake: je, palikuwa na mwongozaji majini, alikuwa akiongoza vyombo vingapi, mwendeshaji alifundishwa wapi na kwa namna gani, na je, kamba ya kuzimia injini ilikuwa imefungwa kwenye mwili wake? Wenye hoteli husoma magazeti, na wanaotoa vibali husoma pia. Majibu yakianza kuonekana kurasani, mwongozaji atakayesimama mbele ya mwajiri wake kudai muda wa kufundisha atakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Wako mtiifu,
Mwongozaji wa safari za jetiski