Jumamosi: kasha la ubao wa kati

Wanakikundi, salaam. Jumamosi saa 2 asubuhi tunafunga kasha la ubao wa kati wa mashua yetu, yaani ubao unaoshushwa majini kupitia kasha hilo ili upepo usiisukume mashua kando. Mwenye randa na patasi zenye makali aje nazo.

Ubao una unene wa milimita 20, uwazi wa kasha ni 30. Naomba asitokee wa kuubana eti "usichezecheze". Mbao hunywa maji zikavimba. Ukiukaza leo, wiki ya pili majini haushuki wala haupandi.

Mashua za aina hii huvuja hasa pale kasha linapokalia mkuku (uti wa chini wa mashua). Randeni mpaka mwanga usipenye kati yao, pakeni gundi laini ya kuzibia pande zote mbili, kisha skrubu zisizoshika kutu kutoka chini, kila sentimita 10, mkianzia katikati kwenda ncha. Kabla ya rangi tutaziba uwazi wa chini, tujaze kasha maji na kusubiri nusu saa. Panapotoa jasho, piga chaki.

Kalafati (kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba): nyundo nyepesi tu! Ukishindilia pamba kwenye mbao kavu, zikivimba zinasukumana mpaka misumari inalegea kwenye mataruma (mbavu za mashua).

Siku ya majaribio: mkipiga bisho (kwenda dhidi ya upepo), ubao chini wote. Upepo wa nyuma, pandisheni robo tatu. Mkikaribia ufukwe pandisheni mapema, maana changarawe ikiingia kashani ubao hukwama, na dawa yake ni kulaza chombo ubavu mkaichokoe kwa chini.