Aliyemchagua ndiye amwondoe

Ndugu Mhariri,

Kila Juni bajeti inapopitishwa, wabunge huitwa majina mmoja mmoja, na wa chama tawala hujibu "ndiyo" mpaka orodha inaisha. Hapa Urambo, tukiwa ghalani kumsubiri mteuzi apange madaraja ya tumbaku, vijana huwacheka: waoga hao! Mimi siwacheki. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti kimekwenda. Na Ibara ya 67 haimpi nafasi ya kurudi kugombea bila chama kingine cha kumbeba.

Sisi tuliishuhudia. Mbunge wetu, marehemu Samuel Sitta, akiwa Spika aliacha ripoti ya Bunge kuhusu Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, isomwe na kujadiliwa hadharani Februari 2008, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Agosti 2009 Halmashauri Kuu ya chama chake, CCM, ikamweka kitimoto Dodoma, wapo waliotaka anyang'anywe kadi ya uanachama. Wangefanikiwa, uspika na ubunge vingeondoka pamoja, na sisi wa Urambo Mashariki tungesikia redioni tu. Aliponea. Mwaka uliofuata chama kikaamua Spika awe mwanamke, habari yake ikaishia hapo. (Simpambi. Bunge Maalumu la Katiba la 2014, aliloliongoza yeye, halikunifurahisha hata kidogo.)

Wala si ugonjwa wa CCM peke yake. Tazameni jirani zetu wa Kigoma. Mbunge David Kafulila alifukuzwa na chama chake, NCCR-Mageuzi, mwishoni mwa 2011, akabaki bungeni kwa sababu tu alikimbilia mahakamani. Mwaka 2014 ndiye aliyelivalia njuga suala la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Escrow ya Tegeta, iliyokuwa Benki Kuu. Bila ile amri ya mahakama, angelisemea wapi? Zitto Kabwe naye Machi 2015 alivuliwa uanachama na chama chake, Chadema, na ubunge wa Kigoma Kaskazini ukaenda na uanachama.

Ndiyo maana namheshimu marehemu Deo Filikunjombe wa Ludewa. Aprili 2012 Zitto alipokusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, Filikunjombe, mwana-CCM, alitia yake akijua kadi yake iko mikononi mwa nani.

Kwenye chama chetu cha msingi cha ushirika, mjumbe wa bodi tuliyemchagua anaondolewa na mkutano mkuu, si na wajumbe wenzake waliochukizwa naye. Wakulima tumeliweza hilo, Bunge linashindwaje?

Najua nitaambiwa wabunge watakuwa wanahama kama nzige. Hapana. Anayehama kwa hiari yake aachie kiti, na ile tabia ya 2017 na 2018 ya kujiuzulu ili "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli, kisha kugombea kiti kilekile kwa chama kipya kwa gharama zetu, ikome kabisa. Ila aliyefukuzwa kwa kura yake au kauli yake bungeni abaki hadi uchaguzi mkuu, tumpime wenyewe.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ilishaamua mwaka 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mjadala wa Katiba mpya ukifunguliwa, hilo litadaiwa na wengi. Naomba na Ibara ya 71 iwekwe mezani siku hiyohiyo.

Mkulima wa tumbaku,
Urambo, Tabora