Huyo kijana wa muvi za kutisha mmemjibu ovyo

Mhariri, salamu. Ukurasa wenu wa ushauri wa kazi wa wiki iliyopita umenikera mpaka nimeshika simu kuandika, na mi si mtu wa kuandikia magazeti barua. Kijana kauliza swali zuri tu, anapenda muvi za kutisha, anataka awe mchambuzi wa hizo hizo, aanzie wapi. Mshauri wenu kamjibu mistari mitatu kwamba hiyo ni hobi atafute fani inayoeleweka, afu huyoo akahamia kwa mtu anayetaka kusomea uhasibu. Mistari mitatu!

Mi nimeandika riviu za muvi za kutisha mwaka wa kumi na nne huu, kwa hiyo naomba nafasi nimjibu mwenyewe.

Mdogo wangu, tuanze na hela maana ndo swali ambalo hukuuliza. Walioajiriwa kuandika muvi za kutisha peke yake unaweza kuwahesabu kwa vidole, wengi wetu tunalipwa kwa makala, na hela ya makala moja inaisha kabla makala yenyewe haijasahaulika. Wanaodumu ni wale wenye mikono mingi: leo riviu, kesho maandishi ya kile kijitabu kinachowekwa ndani ya diski muvi ya zamani ikitolewa upya, keshokutwa umeitwa kuchagua muvi za tamasha. Mwangalie Kim Newman, mchambuzi wa Uingereza, kitabu chake Nightmare Movies kimetoka miaka ya 1980 na bado tunakipekua, na huyo huyo anaandika riwaya za wanyonya damu. Mwenzake Alan Jones ni mmoja wa walioanzisha FrightFest, tamasha la muvi za kutisha pale London, mwaka 2000. Dario Argento, mwongozaji wa muvi za kutisha wa Italia, naye alikuwa mchambuzi wa filamu kwenye gazeti la Roma, Paese Sera, kabla hajaongoza filamu yake ya kwanza iliyotoka 1970. Hobi gani hiyo jamani.

Sasa nikwambie kitu ambacho mimi hakuna aliyeniambia. Woga unaisha. Mwaka wangu wa tatu hivi nilikaa kwenye ukumbi umejaa, watu wanapiga kelele, dada wa siti ya jirani kajifunika uso na koti, mi nimetulia naandika kwenye daftari kwamba hapo taa imewekwa chini kidogo. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea kweli, nikaona basi, kazi imekwisha, maana mchambuzi wa kutisha asiyetishika ni sawa na mwonjaji asiye na ulimi, si ndio? Kumbe sio. Kumbe hapo ndo kazi inaanza, kwa sababu ukishaacha kuogopa unaanza kuona woga unavyotengenezwa, na unaanza kuwaangalia wenzako ukumbini, wanaacha kutafuna saa ngapi, kicheko kile cha aibu baada ya kushtuka kinakuja haraka au kinachelewa, nani kageuka kuangalia mlango.

Roger Ebert, mchambuzi wa filamu wa Marekani ambaye wala hakuwa mtu wa muvi za kutisha peke yake, aliandika mwaka 1969 kuhusu Night of the Living Dead, muvi ya maiti wanaofufuka, na sehemu nzito ya makala yake ni watoto. Onyesho la mchana, ukumbi umejaa watoto waliozoea mazimwi ya kuchekesha, wakaanza kwa kelele na vicheko, afu kidogo kidogo wakanyamaza, kuna waliokuwa wanalia. Mi nikimfundisha mtu riviu naanza na hiyo.

Halafu soma ufundi wenyewe. Kuna Cat People ya 1942, mwanamke anatembea peke yake usiku, unasikia viatu vyake tu, kuna kitu kinamfuata, kimya, kimya, afu ghafla kinasikika kishindo kama mnyama anakoroma, kumbe ni basi limesimama. Basi tu! Mtindo huo mpaka leo watu wa fani wanauita kwa jina la prodyuza wake Val Lewton, na kila mwaka utauona umevalishwa nguo mpya, mara paka, mara mpangaji mwenzako kakushika bega. Asiyeujua ataandika "muvi inashtua" akaona kamaliza. Au ile Jaws ya 1975, papa wa mashine aliharibika haribika kwenye maji ya chumvi, Spielberg ikabidi amfiche, na huko kumficha ndo kukatufanya tuogope kuoga baharini. Ila kuna waongozaji wanaficha kwa sababu hawana cha kuonyesha, na hao wawili mchambuzi lazima awatofautishe, na si rahisi hata kidogo.

Usidhani pia kwamba unaandika upepo. Mwaka 1960 wachambuzi wa Uingereza waliishukia muvi ya kutisha Peeping Tom kama mwewe, na aliyeiongoza, Michael Powell, mwongozaji mkubwa tu, kazi yake nchini kwake ikakaribia kufa hapo. Leo filamu hiyo inaheshimiwa. The Thing nayo mwaka 1982 gazeti la New York Times liliiita takataka, sasa hivi hukosi kuikuta kwenye orodha za muvi bora za kutisha. Na mimi simo kwenye malaika hapa, niliwahi kuiua muvi ndogo kwa aya moja, nimeiangalia kwenye laptopu, mchana, sauti chini, simu mkononi. Miaka miwili baadaye nikaikuta ukumbini gizani, sauti ile ya chini kabisa inakupita kifuani, nikatamani kiti kinimeze. Tangu siku hiyo siandiki muvi niliyoiangalia mchana.

Watu watakuuliza kama una akili timamu, ndugu zangu bado wananiuliza kama nalala. Nalala vizuri sana, kinachoninyima usingizi ni dedilaini. Zoea tu. Na angalia muvi nyingine pia, za mapenzi, za vichekesho, maana anayekula woga peke yake mwisho anaanza kuhesabu maiti badala ya kuandika.

Mhariri, narudi kwako. Mwezi uliopita muvi ya kutisha mlimpa mwandishi ambaye kaandika mwenyewe kwamba alitoka baada ya nusu saa kwa sababu hapendi damu. Mpira mngempa mtu anayetoka nje dakika ya thelathini? Mpeni huyo kijana muvi moja, maneno mia nne, mnitumie niisome bure, ikiwa mbovu nitasema ni mbovu. Na akiandika kwamba alipiga kelele, mwambieni hiyo sentensi aikate, aandike ilikuwa dakika ya ngapi na kabla ya hapo palikuwa na kimya cha muda gani.

Msomaji wenu wa siku nyingi