Simu zetu zipokee matangazo kutoka mnarani, si kutoka kwenye bando pekee

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito unaostahili katika mijadala yetu ya mawasiliano, nalo ni haki ya mwananchi mwenye simu mkononi kupata matangazo ya redio na televisheni bila kulazimika kununua bando.

Sisi wakazi wa Tanga tulikuwa miongoni mwa Watanzania wa mwanzo kuhamia dijitali. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na zamu yetu ikafika mwanzoni mwa 2013, miaka miwili na zaidi kabla ya kikomo cha Juni 2015 kilichowekwa katika makubaliano ya kimataifa ya Geneva ya mwaka 2006. Tulinunua ving'amuzi, tukanung'unika kuhusu bei, hatimaye tukazoea, na chenga kwenye skrini zikawa historia. Mfumo ule, hata hivyo, ulipangwa kwa ajili ya televisheni iliyokaa sebuleni na antena iliyofungwa juu ya paa, ilhali leo mtu wa kawaida hapa mjini, na zaidi kule Pangani na Mkinga, habari zake anazipata kwenye simu. Chaneli kama TBC1, ambayo nyumbani anaitazama bure hata kifurushi cha king'amuzi kikiisha, akitaka kuitazama kwenye simu inambidi ailipie kwa intaneti.

Mwezi Mei 2024 ulitufundisha mengi kuhusu jambo hili. Siku za mwanzo za mwezi ule kimbunga Hidaya kilisogea kuelekea pwani yetu na kufika Mafia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikawa inatoa tahadhari zilizobadilika kadiri kimbunga kilivyobadilika. Kabla mwezi haujafika nusu, tarehe 12, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya bahari zilikatika, na nchi nzima ikahangaika na mtandao uliokuwa ukisuasua au kutopatikana kabisa. Matukio hayo mawili hayakuhusiana, na ni bahati kwamba yalipishana kwa siku chache. Yangekutana siku moja, mvuvi aliyezoea kupata utabiri wa hali ya hewa kwa kufungua simu yake angeupata wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu ya mambo ninayoyaona pale Deep Sea, ambako vyombo hushusha samaki. Wavuvi wengi huenda baharini na simu iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kukazwa kwa mpira. Mmoja wao alinionyesha waya wa hedifoni ambao spika zake zote mbili zilikwisha kukatika. Haukuwa wa kusikilizia tena, bali anauchomeka kwenye simu ili uwe antena ya redio ya FM, na sauti inatoka kwenye spika ya simu yenyewe. Kwa njia hiyo anasikia taarifa ya habari akiwa mbali na ufukwe, bila salio hata la senti moja, na betri inadumu. Ndugu yake aliyenunua simu ya kisasa zaidi, na ya bei kubwa zaidi, hana huduma hiyo, kwa sababu simu yake haina tundu la hedifoni wala redio ya FM. Sioni sababu ya mtu kulipa zaidi halafu akapungukiwa na kitu kinachoweza kumwokoa.

Tofauti kati ya njia hizi mbili inafaa ielezwe wazi, kwa kuwa wengi wetu tunadhani ni jambo moja. Anayetazama televisheni kwa intaneti hupelekewa mkondo wake peke yake, hivyo kadiri watazamaji wanavyoongezeka ndivyo mnara wa simu unavyoelemewa, na ndiyo maana picha hukwama hasa wakati wa mechi ya Simba na Yanga, pale ambapo kila mtu anataka kuitazama. Mnara wa utangazaji hurusha mawimbi mara moja tu, na awe anapokea mtu mmoja au laki moja, mzigo wake ni uleule. Siku ya dharura, ambapo wote wanataka habari kwa wakati mmoja, mfumo wa kwanza unadhoofika na wa pili hautikisiki, mradi mnara umesimama na una umeme.

Wapo waliolifanya jambo hili zamani. Korea Kusini ilianza kurusha televisheni ya bure kwenye simu Desemba 2005. Japani ikafuata Aprili 2006 kwa huduma iitwayo 1seg, ambayo mpango wake naupenda kwa wepesi wake: mkondo wa televisheni hugawanywa vipande 13, vingi vikibeba picha kubwa ya nyumbani, na kimoja kikibeba picha ndogo iliyo imara, inayoweza kunaswa na simu hata mtu akiwa safarini. Tetemeko na tsunami ya Machi 2011 vilipotokea na mitandao ya simu ikazidiwa, Wajapani waliokuwa na simu za namna hiyo waliweza kufuatilia tahadhari kupitia matangazo.

Ulaya haikufanikiwa. Mfumo wao wa televisheni ya simu, DVB-H, uliungwa mkono na Tume ya Ulaya mwaka 2008, lakini huduma zake zikafungwa moja baada ya nyingine, na kule Marekani huduma ya kampuni ya Qualcomm ikazimwa Machi 2011. Kwa kiasi kikubwa walitaka mteja alipe ada ya kila mwezi, na simu zenye uwezo huo zilikuwa chache mno. Nalitaja hili kwa makusudi, maana tukija kuiga jambo hili hapa kwetu kwa kuligeuza kuwa kifurushi kingine cha kulipia, litakufa vilevile. India, ambayo sasa inajaribu kurusha matangazo moja kwa moja kwenye simu bila laini wala intaneti, kwa ushirikiano wa shirika la utangazaji la umma la Prasar Bharati na wataalamu wa chuo cha teknolojia cha IIT Kanpur, ndiyo ninayoona inafaa tuitazame kwa karibu.

Sitegemei kwamba mwakani tutakuwa na televisheni ya namna hiyo Tanga. Hata hivyo, nchi za SADC zilikwisha kuchagua mfumo wa kurusha televisheni ya dijitali kutoka minarani uitwao DVB-T2 mwaka 2010, na mfumo huo una tawi lake liitwalo T2-Lite lililotengenezwa mahsusi kwa vifaa vidogo vya mkononi. Kwa hiyo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na wenye minara wanaweza kuanza na majaribio katika mji mmoja wa pwani. Lililo jepesi zaidi, na ambalo halihitaji mnara mpya, ni redio. TCRA ndiyo inayoidhinisha aina za simu zinazoingia nchini, na Meksiko ilikwisha kuweka sharti kwamba simu iliyotengenezwa na kipokezi cha FM ndani yake isiuzwe ikiwa kipokezi hicho kimezimwa. Sharti kama hilo likiwekwa hapa halitamgharimu mnunuzi chochote, kwa kuwa kifaa tayari kimo. Kampuni za simu nazo zisihofu kupoteza biashara, kwani anayesikiliza redio bado atahitaji bando la kuwasiliana na jamaa zake.

Naiomba TCRA itamke hadharani, kupitia gazeti lako au kwa njia nyingine yoyote, kama ina mpango wa kuweka sharti hilo, na itusaidie kwa kuwataka wauzaji waandike kwenye boksi la kila simu kama ina redio ya FM au haina, ili mvuvi anayechagua simu dukani pale Ngamiani ajue anachonunua kabla hajatoa fedha yake.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga.