Salim, Jumanne Usikae Nyumbani

Brooklyn Park, Minnesota
Jumatano, 28 Oktoba 1998

Ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Natumai shemeji Zuhura na watoto hawajambo, na homa ya yule mdogo imeshuka. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila baridi imeshaanza: leo alfajiri nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari kabla ya kwenda kazini. Kutoka nyumbani wameniambia Baba Rukia amepasuliwa jicho mara ya pili tangu lile bomu la Agosti la ubalozi wa Marekani Nairobi, na daktari ana matumaini kwamba ataona kidogo. Tuzidi kumwombea.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Jumapili tuliagana vibaya. Ulikata simu, na mimi nikabaki nimeushika mkono wa simu mpaka mke wangu akaniuliza nani amefariki. Ningeweza kukupigia tena, lakini wewe na mimi kwenye simu hatusikilizani, kila mmoja anataka sauti yake iwe juu. Kwenye barua utanisoma mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Ulisema nimerukwa na akili kumuunga mkono mcheza mieleka awe gavana wa Minnesota katika uchaguzi wa Jumanne. Ukasema Jesse Ventura ni mtu wa kuvaa manyoya shingoni na kupiga kelele ulingoni, na kwamba kura yangu itapotea tu, itamsaidia Coleman wa Republican amshinde Humphrey wako wa Wademokrati. Haya yote nimeyafikiria siku tatu nzima.

Salim, mtu huyu mimi sikumjulia kwenye runinga. Tulipohamia hapa mwaka 1992 yeye ndiye alikuwa meya wa mji huu, akakaa kitini mpaka mwanzoni mwa 1995. Majirani zangu wazee bado wanasimulia jinsi alivyoingia. Halmashauri ilitaka kujenga mitaro na kingo za barabara katika mtaa ambao wakazi wake hawakuvitaka, kisha wawalipishe wao wenyewe, na maji ya mvua yakamwagwe kwenye kinamasi chao. Watu wakatia sahihi, wakaenda mkutanoni, hawakusikilizwa. Basi mwaka 1990 akagombea umeya na kumwondoa mtu aliyekuwa amekaa kitini miaka mingi. Siasa yake ilianzia mtaroni! Wewe na mimi tumekulia Majengo, masika tukivuka maji machafu tumebeba viatu mkononi. Mtu anayeingia siasa kwa ajili ya mtaro mimi namwelewa.

Sasa tazama waliogombea tikiti ya Wademokrati Septemba. Humphrey, mtoto wa aliyekuwa makamu wa rais. Mondale, mtoto wa makamu wa rais mwingine. Freeman, mtoto wa gavana. Dayton, wa ile familia ya maduka makubwa. Sisemi ni watu wabaya. Humphrey wako aliwabana makampuni ya sigara mahakamani mpaka Mei mwaka huu wakakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 6, na kazi ile simnyimi haki yake. Tena ni yeye aliyeshikilia kwamba hatashiriki midahalo bila Ventura kuwemo. Lakini niambie kweli, katika majina yale ulimwona mtu hata mmoja aliyewahi kuhesabu siku zilizobaki kufika mshahara? Na Coleman alikuwa Mdemokrati mpaka mwisho wa mwaka 1996, kisha akahama. Nyumbani tungesema nini juu ya mtu kama huyo?

Ventura alikuwa askari wa majini wa kikosi cha wapiga mbizi, akacheza mieleka, akaigiza sinema, akatangaza redioni. Pale shule ya sekondari ya Champlin Park huwasaidia vijana mazoezi ya mpira wao wa Kimarekani, bila malipo. Mgombea mwenza wake, Mae Schunk, ni mwalimu wa shule ya msingi, na wanachokisema kila siku ni kupunguza idadi ya watoto darasani. Ziada iliyoko hazina anataka irudishwe kwa waliolipa kodi. Akiulizwa jambo asilolijua husema halijui, akaendelea. Coleman na Humphrey, hata ukiwauliza saa ngapi, watakupa hotuba.

Na fedha zake anazipata wapi? Hapa nataka unisikilize vizuri. Hachukui za makundi yenye maslahi. Anatuomba sisi dola 50 kila mtu, kwa sababu sheria ya hapa inamrudishia mwananchi dola 50 anazomchangia mgombea aliyekubali kikomo cha matumizi. Unajaza fomu, unaituma, jimbo linakurudishia. Mimi nimetuma zangu. Tangu nizaliwe sijawahi kumpa mwanasiasa senti tano, na nimewahi kuwaona wao wakigawa. Wewe unakumbuka zile noti zilivyokuwa zikikunjwa ndani ya kanga.

Watoto wangu wawili wamelishika lile tangazo lake la vikaragosi, kikaragosi cha Jesse kinapigana na Mtu Mwovu wa Maslahi. Jana jioni nimewakuta sebuleni, mkubwa ameshika kijiko cha mbao ndiye Jesse, mdogo ameshika brashi ya viatu ndiye Mwovu. Mdogo akakataa, akasema kila siku yeye ndiye Mwovu, kwa nini. Nikamwambia kaka yake ampe zamu. Watoto wa miaka 7 na 5 wanabishana juu ya nani anayemnunua gavana, Salim! Sisi umri ule tuliimbishwa wimbo wa kumsifu rais uwanjani, juani.

Kuna mambo nakubaliana nawe. Lile alilolisema juzi kuhusu ukahaba, eti lifikiriwe kuruhusiwa, nililisikia nikaumia. Msikitini nimeulizwa, na nimejibu kwamba katika hilo amekosea na sitamtetea. Habari ya bastola za kubeba mfukoni pia hainipendezi. Simchagui awe imamu wangu, namchagua kwa sababu… ngoja nirudi nyuma kidogo, maana sababu yenyewe unaijua kuliko mtu yeyote.

Ile Februari ya 1988 nyumbani Kenya, kura ya mlolongo, ya kusimama mstari nyuma ya picha ya mgombea. Ulikuwa umesimama mbele kabisa ya mstari wetu, umeshika ile picha ya mgombea wetu juu kwa mikono miwili kwa sababu ilikuwa imebandikwa kwenye kipande cha boksi na upepo ulikuwa ukiikunja. Mimi nilikuwa mtu wa ishirini hivi nyuma yako. Mstari wetu ulitoka uwanja wa shule, ukapita lango, ukapinda mpaka kwenye mwarobaini. Wa wenzetu ulikuwa mfupi, hata kivuli cha darasa moja kiliwatosha wote. Afisa akapita mara moja tu na karatasi yake, hakuhesabu hata kichwa, akasimama kwenye ngazi akamtangaza yule wa mstari mfupi. Tena asilimia zaidi ya 70, ili asiwe na mpinzani tena na kura ya siri isipigwe. Watu wote tuliokuwa pale tulikuwa na macho. Nilikuja mbele nikakukuta bado umeiinua ile picha. Hukuishusha. Niliitoa mikononi mwako mimi, na vidole vyako vilikuwa vimekakamaa.

Tangu siku ile hujapiga kura. Nyumbani hukupiga, na huku umeapa uraia Juni lakini hata kujiandikisha hujajiandikisha. Jumapili ulipotamka "kura ya kupotea" nilitaka kukuambia kwamba mimi na wewe tunaijua kura iliyopotea, tumeiona ikipotea saa nne mchana. Ya Jumanne itahesabiwa. Nikimpa Ventura na akawa wa tatu, itaandikwa kwamba alipata ngapi, na mojawapo itakuwa yangu. Na huenda asiwe wa tatu. Mwanzoni kura za maoni zilimpa karibu asilimia 10, sasa amevuka 20, na Ijumaa anaanza msafara wa saa 72 mfululizo kuzunguka jimbo.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na si kumpigia Ventura. Mpigie Humphrey wako ukitaka. Nakuomba uende. Hapa Minnesota unajiandikisha siku hiyo hiyo kituoni. Kwa kuwa mmehamia Rochester kiangazi hiki na leseni yako bado ina anwani ya zamani, ibebe hiyo leseni pamoja na bili ya umeme yenye anwani mpya. Ukikosa bili, jirani aliyeandikishwa katika kata yenu anaweza kukuapia kwamba unaishi hapo. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku, na sheria inakupa ruhusa ya kutoka kazini asubuhi ile, bosi asikutishe.

Je, bili ya umeme iko kwa jina lako au la shemeji? Kituo chenu kiko wapi, umeuliza? Yule Mganda mnayefanya naye kazi naye ameshapata uraia? Mwaweza kwenda pamoja? Na bado umenikasirikia kwa yale niliyosema juu ya kaka yako? Niliyasema kwa hasira, nisamehe. Idi mnakuja huku au tuje sisi?

Jumanne usiku nitakuwa karibu na simu. Nipigie hata saa sita.

Ni mimi nduguyo,
Athumani

Fulana ya Ventura niliyonunua kwenye maonyesho ya jimbo nilikununulia na wewe moja. Iko kabatini. Sitakuletea mpaka uiombe mwenyewe.