Bibi, Jumanne naenda Berlin kumwona mjusi wa Tendaguru

Halle, Ujerumani
Oktoba 2025

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo Bibi. Mimi mzima wa afya, masomo ya uuguzi yanaendelea, na baridi ya huku imeshaanza kubisha hodi. Natumai korosho za mwaka huu zimekubali na mguu wako umepata nafuu. Barua hii nimeiandika kwa mkono kwa sababu najua unavyopenda kusomewa kitu kilichoandikwa. Nitaipiga picha nimtumie mdogo wangu, naye akusomee polepole, asiruke hata mstari.

Neno lenyewe ni hili: Jumanne ijayo, inshallah, naenda Berlin. Mwaka wa pili huu niko Ujerumani na mji mkuu wao sijautia machoni. Wenzangu darasani waliposikia, kila mmoja akaanza kunipangia: ukaone lango la Brandenburg, ukaone mabaki ya ukuta ulioigawa Berlin tangu 1961 hadi 1989, upande mnara wa televisheni. Nikawaambia yote hayo nitayaona nikijaaliwa, lakini kinachonipeleka ni mifupa ya mjusi mkubwa wa kale wa kwetu, dinosaria yule wa kilima cha Tendaguru, kule Lindi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukibangua korosho barazani, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, nawe unatusimulia habari za babu yako? Ulisema aliondoka kijijini kijana wa miaka ishirini hivi kwenda kufanya kibarua cha Wajerumani, akabeba mifupa kutoka Tendaguru hadi bandarini Lindi. Ulisema bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama kisigino, na wewe ukiwa mtoto ulikuwa ukiibonyeza kwa kidole naye anacheka. Mimi nilidhani ni hadithi ya kutulaza. Nimekuja kuisoma huku, kila kitu kimo: uchimbaji ulianza 1909 ukaisha 1913, safari ya Lindi ilichukua siku nne kwa miguu, mifupa imefungwa kwa mianzi na mbao, mmoja hubeba wake kichwani au begani, na pande likiwa zito wanalitundika kwenye mti wakabeba wawili. Kuna wakati vibarua walifika 500. Jumla waliyoibeba ilizidi tani 200, Bibi, na njia ni ile ile unayoijua wewe, jua lile lile.

Sasa nikueleze nilivyojipanga, maana najua utauliza nitalala wapi na nitakula nini.

Mwanzo nilipanga Jumatatu, kwa kuwa ndiyo siku yangu ya mapumziko. Nilikuwa karibu kulipia kitanda ndipo nikaona kwamba makumbusho aliko mjusi Jumatatu hayafunguliwi. Moyo ulinishuka. Nikamfuata dada mmoja wa wodini kwetu, nikamweleza, naye akakubali kunishikia zamu za Jumanne na Jumatano. Mimi nitamshikia Jumamosi mbili. Kwa hiyo sasa niko huru siku mbili na usiku mmoja. Nitalala hosteli, chumba cha wanawake watupu, na kabati lina kufuli. Chakula nabeba cha siku ya kwanza: chapati, mayai ya kuchemsha na zile korosho ulizonipa, zimebaki konzi mbili nilizozificha.

Nauli hainisumbui. Kuna tiketi ya mwezi ya nchi nzima, euro 58 kwa mwaka huu wa 2025, ninayoitumia kwendea kazini, na inaruhusu treni zote za kawaida. Zile za mwendo kasi haziruhusiwi. Hizo zingenifikisha kwa saa moja na kidogo, lakini bei yake hapana. Nitapanda ya alfajiri, nibadilishe Wittenberg, nifike Berlin mapema kabla makumbusho hayajafunguliwa saa 3:30 asubuhi. Nataka niwe wa kwanza mlangoni, kabla watoto wa shule hawajajaa.

Mjusi yuko kwenye ukumbi mkubwa wenye paa la vioo, ukiingia tu yuko mbele yako. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, yaani mnazi uliokomaa. Mfupa mmoja tu wa mguu wa mbele, kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, unazidi mita 2. Ukiusimamisha pembeni ya Baba, Baba anakuwa mfupi. Alisimamishwa mara ya kwanza 1937, na hakuna kiunzi cha mjusi wa kale kilichosimamishwa duniani kirefu kumzidi yeye. Wataalamu wanasema aliishi miaka milioni 150 iliyopita na alikula majani ya juu ya miti, ndiyo maana jina lake la kitaalamu, Giraffatitan, lina twiga ndani yake. Pingili za uti wa mgongo mlizozibeba nyinyi zilikuwa nzito mno kuning'inizwa juu, kwa hiyo pale wameweka za kuiga. Niliposoma hilo nililiwaza sana bega la babu yako.

Na hapa pana jambo linaloniuma. Vitabuni wamo wakubwa wa msafara, Werner Janensch na Edwin Hennig. Mhandisi Sattler anatajwa kuwa aliigundua mifupa 1906, kana kwamba wenyeji waliokuwa wakilima pale hawakuwa na macho. Wa kwetu anayetajwa kwa jina ni mzee Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji. Nimeona picha yake kandokando ya mfupa unaokaribia kuwa mkubwa kuliko yeye. Wengine wote wanaitwa "wapagazi". Baba aliniuliza kwenye simu kama naona mjusi arudishwe, maana suala hilo hata Bungeni kwetu limesemwa si mara moja. Mimi nataka arudi siku moja, penye jumba la kumtosha. Lakini hata akiwa huko huko, majina ya waliombeba yangeandikwa ukutani, nami ningepata pa kuweka kidole niseme huyu ni wetu.

Nikitoka pale sihitaji hata kubadilisha treni. Laini ile ile ya chini ya ardhi, U6, inakwenda kaskazini mpaka kituo kinachoitwa Afrikanische Straße, Barabara ya Afrika. Mtaa mzima umejaa majina ya kwetu: kuna barabara ya Zanzibar, ya Tanga, ya Usambara. Yalibandikwa enzi wanajivunia makoloni. Barabara moja iliitwa Petersallee tangu 1939 kwa heshima ya Carl Peters, Mjerumani aliyeongoza kuitwaa nchi yetu kuwa koloni, yule ambaye wazee walimwita Mkono wa Damu. Watu weusi wanaoishi Berlin na Wajerumani wenzao walipigania jina lile liondoke, miaka na miaka, na Agosti 2024 likaondoka. Kipande kimoja sasa kinaitwa kwa jina la Anna Mungunda, mama wa Namibia aliyeuawa 1959, na kingine kinaitwa Maji-Maji-Allee. Maji Maji, Bibi! Vita vya 1905, ambavyo kwenu watu walikimbilia msituni wakala ming'oko na mizizi, leo jina lake limeandikwa kwenye kibao cha barabara Berlin, na mtu wa posta anapeleka barua pale. Nitapiga picha kibao hicho kwanza, kisha niombe mtu anipige mimi chini yake.

Jioni nimejiandikisha kupanda kwenye kuba la kioo juu ya jengo la Bunge lao. Ni bure, ila lazima ujiandikishe mapema na uende na pasipoti. Yangu nimeshaiweka kwenye mkoba. Wanasema unatembea kwa kuzunguka mpaka juu na mji wote unauona chini. Jumatano nitapita Wilhelmstraße, mahali pale mataifa ya Ulaya yalipokaa kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 kuzungumzia namna ya kujichukulia bara letu. Jumba lenyewe halipo tena, lipo bango la maelezo tu. Sitakaa sana. Lango la Brandenburg liko karibu na hapo, nitaliona kwa miguu. Makumbusho ya Pergamon wenzangu waliyoyasifia yamefungwa kwa ukarabati, basi hayo yatasubiri.

Bibi, nina ombi moja, na ndiyo sababu hasa ya barua hii. Babu yako tulimwita Babu tu katika masimulizi. Nakuomba umtajie mdogo wangu jina lake kamili, na la baba yake, na kijiji alichotoka siku alipokwenda kuchukua kibarua. Na kama unawakumbuka wenzake aliofuatana nao, hata wawili, uwataje pia. Pale makumbusho nitaomba nionane na anayehusika na habari za Tendaguru nimkabidhi karatasi yenye majina. Akipokea, vizuri. Asipopokea, nitasimama chini ya mjusi nikayatamka kwa sauti, nimrekodi na mjusi mwenyewe, nikutumie usikie.

Mdogo wangu anitumie kabla ya Jumatatu usiku, maana treni ni ya alfajiri.

Nisalimie Baba, Mama na majirani wote. Dawa ya mguu usiache.

Mjukuu wako akupendaye.