Nahodha apewe na ruhusa ya kurudi mikono mitupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na matajiri wenzangu, yaani wenye vyombo vya kuvulia, wa hapa Tanga na wa pwani nzima. Pepo za kusi zimeanza kukaza, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari zake: upepo wa zaidi ya kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya zaidi ya mita 2. Redioni tunazisikia sote. Lakini anayeamua kama chombo kigeuze ni mtu mmoja aliyeshika usukani usiku, nje ya kisiwa cha Yambe huko, na wengi wetu tumemtuma bila kumpa uamuzi wenyewe.

Mimi ni mjane, nina mashua ya dagaa hapa Sahare niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Sijui kuogelea, na bahari naijulia ufukweni. Kwa hiyo kazi ipi nimwachie mtu na ipi nishike mwenyewe ni jambo ninaloliamua upya kila giza la mwezi linapoingia na vijana wakaanza kupakia taa.

Ya nchi kavu nayashika mimi. Chombo kikifanyiwa matengenezo, kabla hakijateremshwa nakaa na fundi, ananionyesha kalafati, yaani pamba ya kuzibia mianya ya mbao, ubao kwa ubao, nami naingiza kidole palipo na shaka. Maboya ya kujiokolea nahesabu mwenyewe, boya moja kwa kila kichwa; yakipungua, mtu wa ziada anabaki. Hesabu za mnadani pia ni zangu. Nahodha wangu namwamini, ila mtu aliyekesha akivuta nyavu hapaswi kusimama kwenye jua la saa nne akibishana na dalali.

Ya baharini ni yake yote: aelekee wapi, ashushe nyavu wapi, amchukue nani. Mipaka naitaja mapema, mbele ya mabaharia wote, pasiwe na wa kusema hakusikia: asiingie maeneo ya hifadhi yaliyokatazwa, asipakie mtu aliyelewa, na akiona hali si hali ageuze. Halafu namwomba aniambie yeye, kwa maneno yake, tumekubaliana nini. Wapo wanaoona huko ni kumdharau mtu mzima. Sisi tunaitana shemeji, maana alivua na mume wangu tangu ujana wao, na hajawahi kukereka. Kuna siku alisema tumekubaliana arudi kabla ya alfajiri, kumbe mimi nilikusudia kabla mnada haujaisha. Tukalimaliza palepale mchangani.

Sasa lililonifanya niandike. Kwetu huku mafuta ya safari hutolewa kwanza kwenye mauzo, ndipo pesa inagawanywa, ya chombo na nyavu kando, ya mabaharia kando. Safari isiyo na kitu mafuta yake huwa deni, na deni hilo linasubiri safari ya kesho. Nahodha analijua anapoona wingu zito upande wa Pangani. Na tajiri naye yuko kwenye simu: "Wenzio wanapata, wewe unaleta nini?" Nilikuwa nimesimama karibu na tajiri mmoja akisema maneno hayo, na upepo ulisikika ndani ya simu kuliko sauti ya anayejibu. Chombo kilirudi salama, alhamdulillahi. Lakini usiku ule aliyekuwa akiamua mambo ya bahari alikuwa mtu amesimama mchangani na kandambili zake. Kumkabidhi mtu kazi kwa namna hiyo ni kumpa jembe huku umeng'ang'ania mpini.

Katika chombo changu, mafuta ya safari iliyokatishwa na upepo ni yangu, hayaingii kwenye deni la mabaharia. Mwezi huu waligeuza hata hawajafika maji ya kuvua. Nilikuwa ufukweni, masufuria ya kuchemshia dagaa yako motoni, chumvi tayari, na kina mama wa kuanika wameshafika. Nahodha akashuka na madumu ya petroli yangali mazito, akayatua mbele yangu. "Shemeji, huko nje maji mabaya." Nikamwambia, "Pole shemeji, nenda kalale." Mabaharia walikuwa wakinitazama usoni, hasa vijana; walitaka kuona kama ile ahadi ilikuwa ya mdomoni tu. Nikawapa cha kununulia mboga, tukazima moto.

Najua nitaambiwa kwamba nahodha akipewa uhuru huo ataona raha kugeuza. Anaweza kuwapo wa namna hiyo, na hafai kupewa chombo. Lakini utamjua kwa msimu mzima. Waulize waliotoka usiku uleule, angalia mafuta yaliyobaki, angalia kama anageuza hata bahari ikiwa shwari. Ukiridhika kwamba hafai, mwondoe akiwa nchi kavu, mchana, kwa heshima yake. Usimwondolee unahodha kwa simu yuko katikati ya mawimbi.

Na manahodha nao wawaachie vijana. Mzee akishika usukani peke yake miaka yote, siku akiumwa chombo kinalala, au kinatoka na asiyejua. Wangu anamlea kijana mmoja. Alianza kumwachia usukani wakati wa kurudi, asubuhi, mji ukionekana, sasa anamwachia na wakati wa kutoka, ila usiku bado hajamwachia. Nilimwuliza lini atamwachia usiku. Akasema, "Siku atakapoanza kuniamsha mwenyewe akiona jambo asilolielewa."

Ninachoomba ni viongozi wa BMU za Tanga, yaani vikundi vya wananchi vinavyosimamia uvuvi kwenye fukwe, waitishe kikao cha matajiri na manahodha kabla kusi haijakolea, tukubaliane kwa maandishi: tahadhari ya hali ya hewa ikishatoka, neno la nahodha la kurudi ndilo la mwisho, na mafuta ya safari hiyo yabebwe na mwenye chombo. Wapo watakaosema gharama ni kubwa. Mimi nina chombo kimoja na ninaibeba. Mwenye vitatu au vinne aje kikaoni atueleze anakwama wapi, tutamsikiliza.

Mama mwenye mashua,
Sahare, Tanga.